Kumtafutia Kusi Kwao

Maji yalikuwa yamekupwa sana siku ile, maji ya bamvua, na wanawake wa Paje, Unguja, walikuwa wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, mbali kiasi kwamba ukiwa ufukweni unawaona kama nukta nyeusi juu ya mchanga unaong'aa. Nilikuwa nimekwenda kumtazama farasi mmoja aliyekuwa na kidonda begani, nikamkuta ameshatolewa bandani, kijana yuko mgongoni mwake, anamtembeza taratibu pembezoni mwa maji. Pikipiki ikapita nyuma yao. Farasi akainua kichwa na kuanza kwenda, na kijana akafanya lile ambalo mimi na wewe tungelifanya: alivuta hatamu kwa nguvu zake zote.

Farasi akazidi mbio.

Kadiri mkono ulivyovuta ndivyo shingo ilivyonyooka mbele, mpaka akaingia kwenye mashamba ya mwani kwa shoti kamili, kamba zikikatika, vijiti vikiruka, na akina mama wakikimbia huku wameshikilia kanga zao. Alisimama mwenyewe alipofika penye maji ya magoti, mapovu yakimtoka mdomoni yamechanganyika na damu pale lijamu, kile chuma cha mdomoni, ilipomkata. Kijana alikuwa analia. Mama mmoja, ambaye kamba zake nyingi zilikuwa zimekatika na ambaye alikuwa na kila haki ya kututukana, alimtazama yule mnyama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Huyu hakufunzwa kusimama, maskini."

Neno hilo lilinikaa kifuani. Nilikuwa nikilala nalo na kuamka nalo.

Alichofunzwa

Vijana wa banda walimwita Kusi. Alizaliwa Kenya, akaanza kukimbia katika uwanja wa Ngong, Nairobi, akiwa na miaka miwili, umri ambao mifupa ya farasi, khasa ya uti wa mgongo, bado inakua na itaendelea kukua mpaka afike miaka mitano au zaidi. Alipofika miaka minne alichanika kano ya nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, jeraha ambalo limewatoa uwanjani farasi wengi kabla yake. Kano iliyochanika hupona, lakini hupona kwa kovu, na kovu halinyumbuki kama kano yenyewe, kwa hiyo mguu unaweza kuonekana mzima kabisa na bado ukawa haufai tena kwa mbio. Farasi wa namna hiyo huuzwa rahisi. Mwenye banda mmoja wa pwani yetu ya mashariki alimnunua pamoja na wengine watatu, akawaleta Unguja kwa ajili ya wageni wanaotaka kupanda farasi ufukweni.

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Kwa miaka 19 nimetibu ng'ombe, mbuzi na punda wa kisiwa hiki, na farasi niliwajua kwa mbali tu. Baada ya siku ile ya mwani niliwapigia simu watu ninaofahamiana nao Nairobi, mpaka nikampata mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika mabanda ya farasi wa mbio. Nilimsimulia tukio lote, naye akaniuliza swali moja tu: kijana alivuta hatamu au alizilegeza?

Mpanda farasi wa mbio, alinieleza, haketi juu ya tandiko. Husimama juu ya vikuku vifupi vya kukanyagia, akainama mbele, na hatamu huzishika zimekaza. Farasi huegemea lijamu kwa mdomo wake, na katika kuegemea huko hupata mizani yake ya kukimbia. Hatamu zikikaza, yeye anasikia amri ya kwenda. Zikilegea baada ya mstari wa mwisho, ndipo anapojua kwamba kazi imekwisha. Wala hajui maana ya kubanwa ubavu kwa miguu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia jambo kwa njia hiyo. Wala hajui kusimama wakati mtu anampanda, kwa sababu mpandaji wake alikuwa akirushwa juu huku yeye anaendelea kutembea.

Kijana wetu, basi, alikuwa akimwamuru akimbie, na Kusi alimtii mpaka baharini.

Wiki tano baadaye banda lilifungwa. Farasi watatu waliondoka, kila mmoja na mtu wake. Kusi hakutakiwa na mtu, maana habari za mwani zilikuwa zimeshafika kila pembe. Mwenye banda aliniachia karatasi zake zote na maneno machache kabla ya kusafiri: nimtafutie mtu, na nikikosa, nimmalize.

Makosa niliyoyafanya kwa nia njema

Nilimhamishia nyuma ya nyumba yangu, na hapo nikaanza kumlea kama ng'ombe.

Nilimkatia majani ya tembo, marefu na mabichi, na jioni nikampa pumba za mchele, chakula ambacho ng'ombe wa maziwa angekishukuru. Ilinichukua muda kugundua kwamba nilikuwa nikimuumiza. Majani ya tembo yana oksaleti, ambayo hushika madini ya chokaa tumboni. Tumbo la ng'ombe lina vijidudu vya kuivunja, la farasi halina vya kutosha, na pumba zenye fosforasi nyingi huzidisha tatizo, mpaka mifupa yenyewe ianze kutoa chokaa yake, na ya uso ivimbe. Nikahamia ukoka. Farasi wa kilo 450 anahitaji kama kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na hatakiwi kuwekewa kwa mafungu mawili kama sahani ya chakula cha mchana na cha usiku, kwa sababu tumbo lake ni dogo na hutoa asidi wakati wote, awe amekula au hakula. Farasi wengi wa mbio hutoka mazoezini na vidonda vya tumbo kwa sababu hiyo: nafaka nyingi, majani machache, na saa ndefu za kusimama bandani. Kusi alikuwa akitafuna ubao wa mlango. Nilidhani ni utundu.

Kuna jambo jingine lililonitisha kuliko hilo. Ardhi ya upande wa mashariki ni mawe ya matumbawe matupu, makali kama visu, na Kusi alikuwa ameshang'olewa njumu zake, vile viatu vya chuma. Kila mkwaruzo juu ya kwato ni mlango wa pepopunda, na katika wanyama tunaowafuga hakuna anayeshikwa nayo kwa wepesi kama farasi. Jina lenyewe tumelipa la punda, lakini farasi ndiye mwenye haki nalo. Nilimchanja siku ya pili, mkono wangu ukitetemeka kidogo, kwa kuwa alikuwa akinitazama kwa jicho moja bila kupepesa.

Nusu za kweli

Nilianza kumnadi. Nilieleza kwa kila niliyemjua: farasi ana miaka mitano, ametulia, mguu umepona, anatolewa bure.

Yalikuwa maneno ya kweli, ukiyachukua moja moja. Miaka mitano alikuwa nayo. Kutulia, alitulia alipokuwa amefungwa kivulini. Mguu ulikuwa haumuumi. Lakini niliyapanga maneno hayo kama mtu anavyopanga nafaka sokoni, kavu juu na iliyoloa chini, na kila Muislamu wa kisiwa hiki anajua Mtume alivyomwambia mwenye nafaka ile: anayedanganya si katika sisi.

Walikuja watu. Mmoja alimtaka kwa ajili ya gari la mizigo, akadhani nguvu ya farasi ni nguvu ya ng'ombe. Huyo nilimkatalia papo hapo. Mwengine, mtu mwenye nafasi yake nje kidogo ya mji, alimtaka ili mabwana harusi wapigwe picha juu yake. Alizunguka mara mbili, akamsifu uzuri, hakuuliza anakula nini. Wapo waliosema nimrudishe bara. Nilifikiri sana juu ya hilo, lakini Unguja ilisafishwa mbung'o, wanaoambukiza mifugo ugonjwa wa nagana, kwa kazi ngumu: madume yaliyohasiwa kwa mionzi Tanga yalianza kurushwa kutoka kwenye ndege mwaka 1994, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Kumtoa farasi kwenye kisiwa kisicho na mbung'o, kumpeleka mahali nisipopajua, kwa mtu nisiyemjua, kulinishinda.

Kisha akaja kijana wa Nungwi. Ana farasi wake wawili, anawatunza vizuri, mtu wa heshima na mchapakazi. Alimpapasa Kusi shingoni, akamkagua miguu kwa mikono yake yote miwili kama anayejua anachokitafuta, akaniuliza: "Wageni wataweza kumpanda, daktari?"

Nikajibu kwamba akifanyiwa mazoezi kidogo, inshallah.

Tukakubaliana aje kumchukua Jumamosi. Usiku ule sikulala. Nilikuwa namwona mgeni juu ya mgongo wa Kusi, ameshika hatamu kwa woga, anavuta.

Siku nne za sindano

Nataka niseme jambo hili waziwazi, kwa kuwa ndilo lililonisumbua kuliko yote. Katika wiki hizo kulikuwa na siku nne nilipoweka sindano ya kumlaza moja kwa moja ndani ya mkoba wangu. Farasi mwenye afya huweza kufika miaka 25, hata 30. Kumpa mtu Kusi kulikuwa ni kumpa kazi ya miaka 20 mbele, na mimi nilikuwa nikitafuta mtu wa kumpokea kwa siku moja. Nimewahi kuona punda waliotolewa bure wakapita mikono mitatu, minne, kila mkono ukiwa mbovu kuliko uliotangulia, mpaka wakafia kando ya barabara ya shamba na vidonda vya matandiko vimejaa funza. Mnyama anayekufa kwa dawa, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mtu, hateseki. Sikuona kwamba kumuua kungekuwa dhambi kubwa kuliko kumtupa, na mpaka leo sioni.

Kilichonizuia hakikuwa hoja. Asubuhi ya siku ya nne nilikwenda na mkoba wangu, nikamkuta amesimama amelegeza mguu mmoja wa nyuma, mdomo wa chini umening'inia. Alikuwa amesinzia, mbele yangu, kwa mara ya kwanza. Nikarudi ndani.

Farasi wa Sayyidna Umar

Usiku wa Alhamisi, baina ya magharibi na isha, maalim wa msikiti wetu alikuwa akisomesha juu ya sadaka. Akafika kwenye habari ya Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyemtoa farasi katika njia ya Mwenyezi Mungu, na yule aliyepewa hakumtunza. Umar akataka kumnunua, akidhani atauzwa rahisi, akaenda kumuuliza Mtume, naye akamkataza asiirudie sadaka yake.

Nimeisikia hadithi hiyo tangu chuoni. Siku zote niliisikiliza kama hukumu ya mtoaji. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilimfikiria farasi: alitolewa na mtu mwema, kwa nia njema kuliko zote, na bado akaharibikiwa mikononi mwa aliyempokea, na njia ya kurudi ikawa imefungwa.

Nilimfuata maalim nje, nikamweleza shida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kwani ni lazima umtoe? Mpe mtu kwa ariya. Azima mnyama, atumie, atunze, lakini abaki wako. Akishindwa, anarudi kwako, wala hakuna aliyevunja kitu." Akanyamaza, halafu akaongeza: "Lakini kabla ya kumwazima mtu, mwambie aibu zake zote. Zote, mwanangu."

Nikampigia simu kijana wa Nungwi usiku uleule. Nilimweleza hatamu, nikamweleza mwani, nikamweleza kovu la kano na kwamba mchanga mlaini wa juu ya ufukwe huuchosha mguu wa namna ile kuliko ardhi ngumu. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Ungelinyamaza, daktari," alisema, "wiki ijayo ningelikuwa nimempandisha mtoto wa mtu."

Hakuja Jumamosi. Lakini siku 12 baadaye alinipigia yeye.

Kitope

Babu yake, alisema, anaishi Kitope na ana punda wake huko. Walikuwa wawili, walivuta gari la mawe pamoja miaka mingi, na mmoja amekufa. Aliyebaki halali, hali vizuri, analia usiku kucha, na mzee naye halali kwa sababu yake. Nilijua anachokisema. Punda waliozoeana huwa kama pacha, na aliyefiwa akiacha kula siku chache tu, mafuta hujaa kwenye damu yake na anaweza kufa vilevile.

Nilikwenda peke yangu kwanza. Shamba ni la minazi na miembe, udongo laini, ukoka umeshona chini yote, na pembeni kuna banda la makuti. Mzee alinipokea kwenye baraza.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Nilimmwagia aibu zote za Kusi kabla hata sijanywa maji. Hakutikisika. Wote waliotangulia waliniuliza farasi anafanya kazi gani, au anakwenda kasi gani, huyu aliuliza, "Anaogopa nini?"

Nilifikiri. Nikasema anaogopa kelele zinazotoka nyuma yake, na anaogopa kubaki peke yake.

"Basi ni kama huyu wangu," alisema, akamwelekezea kidole punda aliyekuwa amesimama uso ukutani.

Sikuridhika mara moja. Mzee ana miaka zaidi ya 70, na nyumba yake si ya watu wenye fedha. Nilijiuliza nina haki gani ya kuwaletea mdomo unaokula kilo 40 kwa siku. Nililisema hilo. Alicheka kidogo, akasema majani hayajamshinda mtu Kitope, kinachomshinda mtu ni dawa. Na juu ya umri wake, alimwita mjukuu wake wa kike, binti wa darasa la saba, ambaye alikuja na ndoo ya maji bila kuambiwa, na kumpelekea punda kwanza.

Siku ya kumhamisha tulikodi lori. Kusi alipanda bila tabu, akiwa amezoea, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitegemea: alianza kutoka jasho, kutetemeka, na kukanyaga sakafu. Kwa maisha yake yote, lori lilikuwa na maana moja. Alikuwa akijitayarisha kukimbia. Tulipofika Kitope alishuka ameinua mkia, macho yametoka, shingo imelowa, anatazama huku na huku anautafuta uwanja.

Hapakuwa na uwanja. Palikuwa na punda.

Punda alilia mara moja, kwa ile sauti yake mbaya, na Kusi akagutuka kurudi nyuma hatua tatu. Kisha wakanusana juu ya kamba ya minazi tuliyoifunga kuwatenganisha, pua kwa pua, muda mrefu mno. Mzee akaniambia nifungue kamba. Nikamwambia tungoje mpaka kesho. "Kesho tutaogopa tena," alisema, akaifungua mwenyewe.

Ariya

Tuliandika mkataba mbele ya sheha, ukurasa mmoja. Kusi ni wangu, yuko kwa mzee kwa ariya. Hauzwi, hatolewi, havuti gari. Hapandwi kwa mwaka mzima, na baada ya hapo hapandwi na mtu asiyefunzwa juu yake. Dawa na chanjo ni juu yangu, na kwato pia, kila baada ya wiki sita. Jua linapotaka kuzama anaingizwa bandani na moto wa makumbi unawashwa, kwa sababu ya usubi unaoambukiza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao punda huupita bila dalili lakini farasi unaweza kumuua kwa siku chache. Mzee akishindwa, au akitangulia, binti au wazee wake wananipigia simu nami nakuja na lori, saa yoyote.

Sheha aliuliza kwa nini tunaandika hayo yote kwa mnyama asiye na bei.

Mzee akajibu kwamba mwenye bei watu humwangalia bila karatasi.

Binti ndiye anayemfunza sasa, kwa miguu, hajampanda. Nilimwonyesha jambo moja tu: akitaka Kusi asimame, alegeze kamba na atoe pumzi. Wiki za mwanzo alikuwa anasahau, anavuta, na Kusi anamburura mpaka kwenye migomba. Nilipokwenda mara ya pili nilimwona akitembea naye chini ya minazi, akasimama ghafla, akaacha kamba ining'inie, akashusha mabega. Kusi alikwenda hatua mbili zaidi. Akasita. Sikio moja likageuka nyuma. Akasimama.

Juzi ilikuwa zamu ya kwato. Nilifika baada ya adhuhuri, na kutoka barabarani nikamwona amelala ubavu chini ya mwembe, miguu yote imenyooka, shingo imetandazwa juu ya ukoka. Niliangusha mkoba nikakimbia. Farasi hawalali hivyo mchana, nilidhani. Ni msokoto wa tumbo, au ni pepopunda, au nimechelewa. Punda alikuwa amesimama juu yake, hakusogea.

"Taratibu, mwanangu," mzee alisema kutoka barazani. "Analala tu. Kila siku wakati huu."

Niliokota mkoba wangu, nikatoa patasi na tupa, nikaketi kwenye mzizi wa mwembe kumngoja aamke.